Kidimbwi cha Uani Chenye Maji Yanayotembea

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, Kibosho, mfongo, mfereji wa maji wa Wachaga, ulipita ukingoni mwa kihamba, shamba la nyumbani, katikati ya migomba na magimbi. Haukuwa mpana, mtoto wa miaka sita aliuruka bila kujipanga. Mchana hukuusikia kwa ajili ya shughuli za watu. Usiku, moto ukishafukiwa, ndipo ulipoanza kuongea, na sisi wajukuu tulilala nao. Nimeishi Moshi mjini miaka mingi sasa, na hakuna kitu cha nyumbani nilichokikosa kama sauti ile.

Kidimbwi changu cha kwanza nilikijenga kwa pupa. Kilivuja, maji yakawa ya kijani kama mboga iliyosagwa, mbu wakazaliana, na baada ya miezi mitano nikakifukia. Cha pili kiko mwaka wa nne na chini yake unaona kila jiwe. Kilichobadilika si fedha. Mara ya kwanza nilifikiria shimo, mara ya pili nilifikiria maji. Ukiufuata mfongo wowote wa Wachaga kwenye mteremko utaona aliyeuchimba alijua maji yanatoka wapi, yanapita wapi, yakizidi yanaelekea wapi, na nani wa kuyatunza. Palipohitajika walichimba na nduwa, bwawa dogo la kukusanya maji ya usiku ili asubuhi yawepo ya kutosha. Kidimbwi cha uani kinataka mambo hayo hayo manne, kwa kipimo kidogo.

Mwongozo huu ni wa kidimbwi cha urefu wa mita mbili na upana wa mita moja, chenye mwanzi unaomwaga maji juu ya jiwe. Uani kwa nyumba nyingi za Moshi na Arusha kinaenea, na watu wawili wanaweza kukimaliza kwa siku nne au tano za kazi.

Hatua ya kwanza: Hesabu maji

Urefu wa mita mbili, upana wa mita moja na kina cha nusu mita ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini. Kwa kuwa pembeni utaacha ngazi ya kuwekea mimea, kitachukua kama lita 700. Hayo ni ya kujaza mara moja. Ya kuzingatia zaidi ni yale yanayopotea kila siku. Katika miezi mikavu, jua na upepo huondoa takriban milimita tano za maji kwa siku. Kwa uso wa mita mbili za mraba hizo ni lita kumi, nusu ndoo. Ukiongeza matone yanayorukia nje, kwa wiki utaongeza ndoo nne au tano. Kama mtaa wenu hupata maji ya bomba kwa mgao, amua mapema kama ndoo hizo utazimudu mwezi wa tisa, wakati kila mtu anasubiri mvua za vuli.

Mimi najazia maji ya mvua. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hukusanya karibu lita 1,000, na masika mvua ya namna hiyo si ya ajabu. Weka mfereji wa bati na tangi, lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike, kwa sababu inaosha vumbi na vinyesi vya ndege vya miezi mitatu.

Usivute maji ya mfongo au ya mto kwa ajili ya mapambo. Mfongo una wenyewe na una zamu, na kuchepusha maji ya mto kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Moshi. Chini yako kuna mtu anayesubiri maji hayo kwa mahindi yake.

Kwa wenzangu wa Arusha: visima vingi vya upande wenu vina madini ya floraidi kwa wingi. Kwa mimea ya kidimbwi hilo si tatizo kubwa, lakini mtoto asizoee kukinga maji ya mwanzi na kuyanywa. Maji yenye chumvichumvi nayo huacha utando mweupe kwenye mawe kila yanapokaukia. Ukitumia mawe meusi utauona sana, ukitumia ya kijivu utaufuta mara chache.

Hatua ya pili: Tafuta mahali ukiwa umekaa

Chukua kigoda, kaa pale unapokaa kila siku jioni, iwe barazani au karibu na dirisha la jikoni. Kidimbwi kiwe mahali ambapo ukiwa hapo unakisikia. Watu wengi hukiweka mwisho kabisa wa kiwanja karibu na ukuta, kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayekwenda huko. Mita tatu hadi tano kutoka barazani ndiyo kadiri yake.

Halafu angalia jua. Yungiyungi huhitaji jua la saa tano au sita kwa siku ndipo litoe maua, ila jua la kutwa nzima huchemsha maji na kulea ukijani. Jua la asubuhi na kivuli cha alasiri ndilo pendekezo langu. Kivuli hicho kitoke kwenye ukuta au kwenye nyumba, kisitoke kwenye mti ulioinama juu ya maji. Kidimbwi changu cha kwanza nilikiweka chini ya mjakaranda kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mjakaranda ulipochanua mwishoni mwa mwaka, maua ya zambarau yalifunika maji asubuhi na jioni, yakaoza, yakaziba pampu, na maji yakaanza kunuka. Mparachichi ni vivyo hivyo kwa majani. Na mti wowote mkubwa una mizizi inayofuata unyevu.

Epuka pia sehemu ya chini kabisa ya kiwanja. Unaweza kudhani ndiko maji yanakotaka kuwa, na kweli yanataka, lakini masika maji yote ya uani yatakimbilia humo yakibeba udongo, mbolea na sabuni ya mahali pa kufulia. Panda juu kidogo. Kaa mbali na karo na shimo la choo. Na kabla ya kuchimba, muulize aliyejenga nyumba bomba la maji na nyaya za umeme zinapita wapi.

Hatua ya tatu: Kama nyumbani kuna mtoto mdogo

Hatua hii isomwe hata na mwenye haraka. Mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu, na huzama kimya, bila kupiga kelele. Kidimbwi cha nusu mita hakifai kuwa wazi katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, wala katika nyumba ambayo watoto wa majirani huingia na kutoka.

Usikate tamaa. Jenga chemchemi isiyo na bwawa. Zika ndoo kubwa au nusu pipa la plastiki hadi mdomo ulingane na ardhi. Weka pampu ndani. Funika mdomo kwa wavu wa chuma imara, wenye matundu madogo, unaozidi mdomo kwa sentimita ishirini kila upande, na uwe na uwezo wa kubeba uzito wa mtu mzima. Juu yake panga mawe ya mtoni. Bomba la pampu lipite kwenye wavu na kwenye jiwe lililotobolewa au chungu, maji yatoke juu, yateremke kwenye mawe na kurudi pipani. Kuzunguka pipa tandika nailoni yenye mwinamo wa kurudisha matone ndani. Hakuna maji ya wazi hata kidogo, na sauti ni ile ile. Mtoto akikua, pipa utalitoa na kuchimba kidimbwi hapo hapo. Ukichagua njia hii ruka moja kwa moja hadi sehemu ya sauti na umeme.

Hatua ya nne: Chora kwa kamba, kisha chimba

Tandaza kamba au mpira wa bustani chini katika umbo unalolitaka na uliache siku mbili. Lipite ukiwa na ndoo kichwani, litazame kutoka dirishani. Umbo la yai au la figo hupendeza na hurahisisha kutandika nailoni. Pembe kali huleta mikunjo mingi. Usilifanye dogo sana kwa kubana matumizi. Maji machache hupata moto haraka na kuchafuka haraka, kwa hiyo kidimbwi cha lita 200 kina kazi zaidi ya cha lita 700.

Chimba katikati hadi nusu mita. Upande mmoja acha ngazi yenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 20 kwa ajili ya magimbi na mafunjo, ambayo hupenda miguu iliyolowa na si kuzama. Kuta ziegemee nje kidogo. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, uweke pembeni. Utautumia kwenye vyungu vya mimea.

Sasa suala la levo, ambalo huharibu vidimbwi vingi. Maji hayadanganyiki: ukingo ukiwa chini upande mmoja kwa sentimita tatu, maji yatamwagika upande huo, na upande wa pili nailoni itabaki wazi ikichomwa na jua. Fundi niliyefanya naye kazi mara ya kwanza alisimama, akatazama, akasema, "Dada, hapa pako sawa, macho yangu nayaamini." Mara ya pili fundi mwingine alichukua ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, tukaujaza, yeye akashika ncha moja na mimi nyingine. Mahali palipoonekana pako sawa palikuwa pamepishana kwa sentimita nne, maana karibu viwanja vyote vya Moshi vina mteremko hata kama huuoni. Pima pande nne, kisha ongeza udongo ulioshindiliwa upande wa chini. Usichonge upande wa juu.

Ukiwa bado hapo, chagua mlango wa maji ya ziada. Sehemu moja ya ukingo iwe chini kwa sentimita mbili kuliko kwingine kote, makusudi, na kutoka hapo chimba kijifereji kuelekea kwenye migomba au bustani ya mboga. Kisielekee kwa jirani wala kwenye msingi wa nyumba. Mwezi wa nne utajua kwa nini.

Hatua ya tano: Kuzuia maji yasipotee

Kuna njia mbili, nailoni na saruji, na kwa kidimbwi cha kwanza nashauri nailoni. Ninayoisema ni ile nene ya bwawa wanayonunua wafugaji wa samaki, ya nusu milimita au zaidi. Ile nyeusi ya geji 1000 inayotandikwa chini ya sakafu ina robo milimita tu, nayo ndiyo niliyoitumia mara ya kwanza. Kijiwe kimoja chenye ncha kiliitoboa wiki ya pili na sikukiona kilipo kamwe.

Kipimo chake hupatikana hivi: chukua urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza sentimita 60 za kukunja ukingoni. Kwa kidimbwi chetu ni mita 2 na mita 1 na sentimita 60, jumla mita 3.6. Upana ni mita 1 na mita 1 na sentimita 60, jumla mita 2.6. Nunua kipande kimoja kizima. Kiungo kilichogundishwa na gundi ya dukani kitaachia.

Kabla ya kutandika, pitisha mkono shimoni kote na uondoe kila jiwe na mzizi. Udongo wetu una mawe ya volkano yenye makali kama chupa iliyovunjika, na mengine hujitokeza baada ya mvua. Mwaga mchanga laini wa sentimita tano, juu yake tandika zulia kuukuu au magunia. Kisha nailoni, ikiwa imelegea, usiivute ikakaza. Anza kujaza maji polepole huku ukinyoosha mikunjo, uzito wa maji wenyewe uilaze. Ukingo usiukate mpaka kidimbwi kijae na kikae usiku mzima, kwa sababu udongo huzama kidogo. Halafu kunja ukingo chini ya mawe bapa, ukihakikisha hakuna nailoni inayoonekana juani. Jua huila.

Saruji inafaa ukitaka kitu cha kudumu na una fundi mzuri. Uwiano wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto tatu, na wavu wa chuma au nondo nyembamba ndani, unene usipungue sentimita kumi, na dawa ya kuzuia maji ichanganywe kwenye lipu ya mwisho. Kimwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba bila kukosa, kikiwa kimefunikwa magunia. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba saruji mpya hutoa chokaa inayoua samaki na kuunguza mizizi. Jaza maji, yaache wiki nzima, yamwage, rudia mara mbili au tatu ndipo uweke kiumbe chochote. Na kama kiwanja chako kiko kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka mipasuko ya kuingiza mkono wakati wa kiangazi, achana na saruji. Udongo huo hupanuka na kusinyaa, nayo saruji itapasuka pamoja nao.

Hatua ya sita: Itafute sauti

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na sijutii. Kabla ya kununua pampu, chukua jagi la maji na mtu wa kukusaidia. Yeye amimine, wewe kaa pale barazani na usikilize. Maji yanayodondokea kwenye maji ya kina hutoa sauti nene. Yakidondokea kwenye jiwe bapa lililofunikwa na maji kidogo hunong'ona. Chungu cha udongo kilichozamishwa nusu, mdomo wazi, hutoa mwangwi mdogo kama ngoma ya mbali. Badilisha kimo: sentimita 15, kisha 25, kisha 50. Mimi nilikomea sentimita 20 juu ya jiwe jeusi lenye shimo kidogo katikati. Nusu mita ilisikika kama mtu anajaza ndoo bombani, nayo ilirusha maji nje ya kidimbwi.

Mwanzi uwe uliokomaa, wa kipenyo cha sentimita tano au sita. Toboa vifundo vya ndani kwa nondo iliyopashwa moto, kisha pitisha mpira mwembamba ndani yake hadi karibu na mdomo, ili maji yasipite kwenye mwanzi wenyewe. Bila mpira huo, mwanzi hupasuka na kuoza mapema. Hata ukifanya vizuri, panga kuubadilisha kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Nguzo unaoegemea ichimbiwe sentimita 40. Na mwanzi wowote ulioukata ukabaki na kikombe wazi juu, ujaze mchanga, kwa sababu vikombe hivyo hushika maji ya mvua na mbu huvipenda kuliko kidimbwi chenyewe.

Pampu iwe ya kuzamisha. Maji yote yanatakiwa yazunguke angalau mara moja kwa saa mbili, kwa hiyo kwa lita 700 unahitaji lita 350 kwa saa na kuendelea. Usisome tu namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo ni nguvu ya pampu bila kupandisha maji popote. Pampu ya lita 1,200 kwa saa yenye uwezo wa kupandisha hadi mita 1.8, ukiitaka ipandishe sentimita 60, itakupa kama lita 800. Kwa mwanzi mmoja hizo zinatosha na kuzidi, na kibana mpira kidogo kitakusaidia kupunguza.

Iweke pampu juu ya tofali, isikae kwenye matope. Mimi naitia ndani ya kindoo kilichotobolewa matundu na kujazwa vile vijiwe vyekundu vya volkano vyenye matundutundu, vinavyopatikana tele Moshi na Arusha. Matundu hayo hukaliwa na bakteria wanaokula uchafu wa samaki na majani. Ni chujio safi kabisa, na halikunigharimu zaidi ya kubeba kiroba kimoja.

Umeme

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Maji na umeme wa volti 230 havina nafasi ya kujaribiwa. Soketi iwe ndani ya nyumba au kwenye boksi lisiloingia maji, juu kuliko ukingo wa kidimbwi. Waya upite kwenye bomba la plastiki lililozikwa nusu mita. Na mwambie wazi unataka breka inayokata umeme yenyewe unapovuja, ya miliampia 30. Akikwambia si lazima, tafuta fundi mwingine. Kabla ya kutia mkono majini, chomoa kwanza, kila mara.

Kwa gharama usiogope: pampu ya wati 20 ikifanya kazi saa 12 kwa siku hutumia uniti kama saba kwa mwezi. Pampu ya sola inapendeza kwa kuwa haihitaji waya kutoka nyumbani, ila husinzia wingu likipita, na mwezi wa sita na wa saba wingu huku kwetu halipiti, linakaa.

Hatua ya saba: Mimea, samaki na mbu

Acha kidimbwi kizunguke wiki moja kabla ya kupanda chochote. Maji ya bomba yana klorini, nayo huondoka yenyewe maji yakikaa wazi siku moja au mbili.

Yungiyungi lipande kwenye chungu kipana chenye ule udongo wa juu ulioutunza, bila samadi hata chembe, na juu yake tandaza kokoto ili udongo usipande. Lizamishe kina cha sentimita 30 hadi 40, mbali kabisa na mwanzi. Yungiyungi halipendi kumwagiwa maji. Kwenye ngazi weka mafunjo na magimbi. Magimbi niliyatoa Kibosho kwa bibi, kwenye ukingo wa mfongo ule ule. Majani yafunike nusu hadi theluthi mbili ya uso wa maji. Hiyo ndiyo dawa ya ukijani, maana ukijani huishi kwa jua. Jiki na sabuni visikaribie kabisa.

Usipande magugu maji hata ukipewa bure na hata yakichanua vizuri. Yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na mpaka leo wavuvi wanahangaika nayo. Mifereji yetu huishia Kikuletwa na Ruvu, na mito hiyo huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Mvua moja kubwa inatosha kuyasafirisha kutoka uani kwako.

Mbu ndilo swali ambalo kila jirani atakuuliza, na ana haki, kwa sababu malaria si hadithi huku. Mbu hutaga kwenye maji yaliyotulia, na kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua takriban wiki moja hadi mbili kwa joto letu. Maji yanayotikisika mbu hawayapendi, lakini kila kidimbwi kina kona iliyotulia, nyuma ya jiwe au katikati ya magimbi. Kwa hizo unahitaji samaki. Moshi weka samaki kumi wa aina ya gapi. Ni wadogo, hula viluwiluwi vya mbu kwa bidii na hawachimbui mimea. Arusha usiku wa mwezi wa saba ni wa baridi, samaki wa dhahabu huvumilia vizuri zaidi. Perege hula viluwiluwi wakiwa wadogo, ila huzaana mno na hufukua vyungu, nami siwashauri kwa kidimbwi cha ukubwa huu. Wachache wanatosha, umeme ukikatika kutwa, samaki wengi hukosa hewa. Na wote hao, gapi na samaki wa dhahabu, wasimwagwe mtoni kamwe.

Kila Jumamosi chota maji kwa bakuli jeupe kwenye kona zilizotulia, sehemu tano tofauti. Ukiona viluwiluwi vinavyojinyonganyonga, samaki hawafiki hapo: punguza mimea au sogeza jiwe. Vikiendelea, kuna viuadudu vya kibaiolojia vinavyotengenezwa Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Huua viluwiluwi na kuwaacha samaki.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alikuja nikiwa bado nachimba. Tulipomaliza kusalimiana akasema, "Mwanangu, utatuletea nyoka hapa." Sikumbishia. Vyura watakuja, na nyoka huwafuata vyura. Nilimwonyesha nitakavyofanya: nyasi fupi mita mbili kuzunguka, mawe ya ukingoni yamejengewa kwa saruji yasiache mapango, hakuna rundo la kuni wala matofali karibu. Miaka minne nimeona vyura wengi na nyoka hakuna. Siku hizi mama huyo huja na kigoda chake.

Kiangazi nyuki nao watakuja kunywa. Waachie jiwe moja lililoinama taratibu kuingia majini, watulie hapo na wasizame. Ndege watalitumia pia.

Matunzo

Ongeza maji kabla pampu haijaonekana, kwa sababu pampu ikivuta hewa huungua. Safisha chujio mara moja kwa wiki mbili kwa maji ya kidimbwi chenyewe, usitumie ya bomba, usije ukaua wale bakteria. Samaki wape chakula watakachomaliza kwa dakika mbili. Wakikosa kabisa wiki nzima hawatakufa, watakula mbu.

Mara moja kwa mwaka, kabla masika hayajaanza, ninapunguza maji hadi nusu na kutoa matope ya chini kwa sufuria kuukuu. Ni meusi, mazito, yana harufu ya mtoni. Nayabeba hadi kwenye migomba mitatu iliyo mwisho wa kijifereji cha maji ya ziada, namwaga shinani, kisha narudi kuwasha pampu na kungoja mwanzi uanze kutiririka tena.